Kazi za Kwenye Misumari

Mwikali na Ndinda, siku mliyoniaga mlinipa daftari lenye maua juu, mkaniomba niwaandikie siri yangu: nilikuwa nawezaje kushika kazi nane kwa wakati mmoja, sweta huku, kofia kule, vitambaa vya makochi mapajani, na nisichanganye hata moja. Watu walipiga makofi. Nilitabasamu kwa sababu keki ilikuwa mezani na mchungaji alikuwa amekaa mbele yangu. Lakini daftari hilo nilikwenda nalo nyumbani nikiwa nimeudhika, na wiki mbili zimepita sijapoa. Basi nitaandika, maana mmeniomba wenyewe.

Habari za mshahara hamtazipata hapa, wala za jinsi nilivyofanywa msimamizi. Msimamizi wa nini? Wa wanawake watatu na mashine moja iliyokuwa ikigoma kila ikisikia mvua. Nitaanza na siku ya kwanza.

Mimi ni wa Nuu. Huko kwetu mtu akionekana na sweta mchana anaulizwa kama ana malaria. Nilikuja Nunguni kukaa na shangazi yangu aliyeolewa huku, na Julai yangu ya kwanza nilidhani nimeletwa kufa. Kazi ya mikono niliyoijua ni moja tu, kusuka kyondo, kikapu chetu cha mkonge. Mama yangu alisuka akienda kisimani na akasuka akirudi, na siku zote alikuwa na kyondo kimoja mkononi. Kikiisha ndipo anaanza kingine. Ukimuuliza kwa nini hasuki viwili, anakutazama kama umemuuliza kwa nini hali kwa midomo miwili.

Shangazi alinipeleka karakana ile ile mnayokaa ninyi leo, nyuma ya soko. "Huyu vidole vyake vimekaa bure," alimwambia Madam. "Mpe uzi." Madam ndiye huyo huyo mnayemjua, ila siku hizo hakuwa na miwani. Alinigeuza mikono akaangalia kucha, akaniambia niingie ndani nikae.

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa ukuta. Ulikuwa na misumari safu kwa safu, na kila msumari ulining'iniza kazi iliyoanzwa: mistari minne ya sweta la kijani, mistari sita ya shali, ukingo wa soksi, kila moja na sindano zake bado ndani na karatasi yenye jina la mtu. Nilidhani ni mifano ya kuonyesha wateja. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu na dirisha kama wenyewe wamezisahau.

"Hawajasahau," alisema. "Wanangoja."

Huyo alikuwa Nzilani, mwalimu wangu. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na mikono ambayo sijaona mfano wake hadi leo. Alifuma huku akikugombeza na hakupoteza kitu, si kitanzi wala neno. Alinipa sindano mbili na mabaki ya uzi, nikafuma kipande cha upana wa kiganja, akakitazama, akavuta uzi, kikafumuka chote. "Tena," alisema. Alifanya hivyo mara sita siku hiyo. Jioni nilimchukia sana, na asubuhi nilifika kabla yake.

Mambo aliyonifundisha ndiyo hayo mnayoyaita siri. Kila kazi ilale kwenye mfuko wake, na uzi wake na karatasi yake. Usiache kazi katikati ya mstari, hata nyumba ikiungua, fika mwisho ndipo ukimbie. Kila mistari kumi ikiisha, funga fundo moja kwenye uzi mwekundu wa mfuko huo, wala usiamini kichwa chako, kichwa ni cha kubebea kuni. Mikono ya sweta ifume yote miwili pamoja kwenye sindano moja, kwa mabonge mawili ya uzi, ndipo itatoka sawa. Rangi nzito ni za mchana wakati mwanga ni mwingi. Vitambaa vya makochi viweke kwa wakati wa mazungumzo, kwa sababu sindano ya kulabu ina kitanzi kimoja tu cha kulinda, na hata ukicheka hakiponyoki. Na ukiichukua kazi iliyoanzwa na mwenzako, kwanza pima mkono wake. Kuna wanaovuta uzi na kuna wanaoulegeza, na sweta lililofumwa na wawili hao litakuwa na bega moja la mtu na bega jingine la ndugu yake.

Hayo yote ni kweli. Yashikeni. Sasa niwaambie yalikonifikisha.

Madam hakuwahi kumwambia mteja hapana. Sijui hilo neno alilifungia wapi. Mtu akiingia, hata siku ambayo tulikuwa tumefunikwa na kazi hadi shingoni, alimwambia, "Itakuwa tayari Ijumaa. Syokau, mfungulie mama." Kufungua ilikuwa ni hivi: nachukua sindano na uzi wa rangi anayotaka, naweka vitanzi mbele ya macho yake, nafuma mistari mitatu minne, anaandika jina lake kwenye karatasi, nabandika, natundika kwenye msumari. Basi. Mteja anaona jina lake ukutani, moyo unatulia, anakwenda nyumbani. Baada ya hapo kazi inaweza kukaa pale hadi kuku waote meno.

Na mnajua vizuri kwa nini ilifanya kazi, maana na ninyi ni watu wa huku. Mtu wa kwetu akishaona kazi yake imeanzwa, hataichukua aipeleke kwa mwingine. Anaona aibu. Anaona ni kama kuinuka mezani wakati chakula kimeshapakuliwa. Mistari minne ya uzi ilikuwa inamfunga mtu kuliko kamba. Madam alijua, na Nzilani alijua, na mwaka haujaisha na mimi nikajua, na nikawa hodari wa kufungua kuliko wote. Kule soko la chini kulikuwa na mama mmoja, Kalondu, aliyefuma peke yake kwenye kibanda cha mabati. Kazi moja kwa wakati mmoja. Mteja akija anaambiwa, "Leo siwezi, njoo Alhamisi," au anaambiwa, "Kaa hapo, naanza sasa." Sisi tulimwita Kalondu wa Moja na tukacheka hadi machozi. Wajinga sisi.

Tulilipia ujinga kwa njia ndogo ndogo kwanza. Shule mbili zilituagiza sweta, zote za kijani, moja kijani cha majani ya mgomba na nyingine kijani kilichoiva zaidi kidogo. Siku ya mawingu nilitoa mifuko miwili pamoja, nikafuma nikiongea, na siku tatu baadaye nikamkabidhi mzazi sweta ambalo kifua kilikuwa cha shule moja na mikono ya shule nyingine. Mzazi alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama mtoto wake atasoma asubuhi huku na jioni kule. Nilifumua mikono, nikaifuma upya, na somo nililopata lilikuwa la kijinga: kwamba niandike jina la rangi kwa herufi kubwa. Somo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yangu na sikuliona. Njia mbili zilimshinda fisi, na sisi siku hiyo tulikuwa na kazi thelathini na moja kwenye misumari.

Kabla sijaendelea, jueni hili. Hasira yangu si ya sweta la kijani. Sweta linafumuliwa.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya ukungu hadi saa sita mchana. Nzilani alikuwa ameshaacha kazi, vifundo vya mikono vimemharibikia. Jumatatu asubuhi aliingia mama wa makamo, amejifunga leso mbili, viatu vina tope jekundu. Tulimjua kwa jina la binti yake, Mama Mueni. Mueni alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo mno, na walikuwa hospitali kule chini. Wangeruhusiwa Alhamisi. Muuguzi alikuwa amemwambia neno moja, naye akalirudia kwetu mara mbili ili tusikose kulisikia: mtoto huyu asipandishwe Nunguni bila kofia ya sufu kichwani, soksi, na shali, kwa sababu bado hana mafuta ya kujipasha moto mwenyewe.

"Mtaweza?" aliuliza. "Niambieni tu kama hamtaweza."

Sikilizeni hapo. Aliuliza. Kwa mdomo wake.

Madam alimshika mkono. "Mama, hiyo ni kazi ya kukaa tu. Jumatano njoo uchukue. Syokau, mfungulie."

Nikamfungulia. Kofia ya mtoto inafumwa kwa sindano fupi zile nne, zinazozunguka, na karakana nzima ilikuwa na seti moja. Nilifuma mistari minne kwa uzi mweupe, nikaandika MUENI MTOTO, nikatundika. Mama Mueni aliugusa ule ukingo kwa kidole, akasema asante, akaenda. Yeye mwenyewe alikuwa msusi wa vyondo. Alijua kazi ya mkono.

Saa nane mchana mwalimu mkuu mmoja alituma mtu kuuliza sweta lake la shingo ndefu, maana alikuwa anasafiri. Shingo inataka zile sindano nne. Madam akazitazama ukutani, akanitazama mimi. Sikungoja aseme. Nilipitisha uzi kwenye vitanzi vya ile kofia visifumuke, nikavua sindano, nikaitundika kofia tena ikiwa imening'inia kwa uzi tu. Dakika mbili. Nikakaa kufuma shingo ya mwalimu mkuu. Baada ya mwalimu mkuu ikaja shingo ya naibu wake, naye akataka kama ya mkubwa wake. Na kulikuwa na sweta za kwaya, ambazo kiongozi wa kwaya alikuja kuzingojea pale benchini kila siku.

Jumatano Mama Mueni alirudi. Alitazama ukuta kabla hajatusalimu.

"Mbona haina sindano?" aliuliza.

Madam alikuwa ametoka. Nilikuwa mimi na yeye, na mimi nilikuwa na sindano zenyewe mikononi. Nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba, "Inapumzishwa, mwaitu. Uzi mweupe ukifumwa mfululizo unavutika, lazima upumzike. Kesho asubuhi utaichukua."

Hakuna uzi unaopumzika. Mnalijua hilo. Nililitunga pale pale, bila hata kupepesa jicho, na lilitoka zuri kiasi kwamba nilijivunia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefunzwa kitu.

Alhamisi asubuhi alipita akienda kuwachukua. Kofia ilikuwa pale pale, mistari minne. Madam alimwambia jioni bila kukosa. Akaenda hospitali na leso na kilemba chake mwenyewe. Jumamosi alikuja tena, na safari hii hakukaa. Alisema mtoto yuko nyumbani, kichwani wamemfunga kipande cha fulana, na vidole vyake vimekuwa vya baridi. Nilirudisha sindano kwenye kofia haraka, nikaongeza mistari miwili mbele yake ili aone. Akanishukuru. Naapa, alinishukuru. Alipopinda kona nilivua sindano tena, kwa sababu kiongozi wa kwaya alikuwa amekaa pale benchini ameangalia saa yake.

Jumatatu alfajiri mtoto alikuwa hanyonyi, mwili baridi kama mawe ya mtoni. Mueni alipandishwa boda boda na mtoto kifuani wakarudi hospitali.

Jumanne asubuhi Mama Mueni aliingia karakana, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba wake magotini. Madam alianza kueleza. Kwaya inasafiri, walimu nao, mikono ni michache, pole sana mama, Mungu ni mwema.

"Sijakuuliza kazi zako," alisema Mama Mueni. "Nataka hiyo. Ifumwe nikiiona."

"Mama, kesho asubuhi na mapema..."

"Sitoki hapa."

Nilivua sindano kwenye shingo ya naibu mwalimu mkuu. Hakuna aliyeniambia nifanye, na hakuna aliyenikataza. Nikachukua kofia. Mbele yangu, juu ya mlango, kulikuwa na saa ya Madam, na chini ya saa ile kitambaa alichokidarizi yeye mwenyewe, Subira Huvuta Heri. Mmekikuta, bado kipo. Nilifuma nikikitazama hicho kitambaa na nikatamani kukichoma moto. Nilizungusha, nikapunguza vitanzi vya utosini, nikavuta uzi, nikafunga, nikakata.

"Imeisha, mwaitu," nilisema.

Aliipokea kwenye kiganja. Ilikuwa ndogo, ingemtosha chungwa. Akaigeuza ndani nje. Kisha akatazama saa.

"Dakika arobaini," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeuliza kama amesoma saa vizuri. "Ni hii iliyokuwa inasumbua? Mngeniambia hamuwezi, ningeshuka kwa Kalondu. Ningekuwa nayo Jumatatu ile ile." Akainuka. "Soksi na shali wapeni wenye haraka."

Mtoto alikaa hospitali wiki tatu. Alipona. Nawaandikia mapema ili msikae roho juu, na pia kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inapoanza kuchemka kwelikweli. Kila niliyemsimulia habari hii aliniambia, "Lakini si alipona?" Kwani tulimponya sisi? Alipona kwa mikono ya wauguzi, na kwa mama yake aliyemweka kifuani usiku na mchana. Sisi tulifanya kila kitu ili asipone, tena kwa tabasamu. Mtu akivuka barabara bila kuangalia na gari likamkosa, hatumpigii makofi kwa kuvuka vizuri.

Jumapili ya shukrani Madam alisimama kanisani. Alishika kipaza sauti akasema Mungu amemwinua mjukuu wa Mama Mueni, na kwamba karakana yetu ilipata neema ya kumfumia malaika yule kofia. Watu wakasema Amina. Mama Mueni alikuwa safu ya tatu, ametazama mbele. Mimi nilikuwa safu ya tano, na nilisema Amina na wenzangu. Nilisema kwa sauti. Kati ya yote niliyofanya katika miaka ya kazi, hilo ndilo linaloniamsha bado.

Nilikwenda kwa Nzilani kumlilia. Nilidhani atanigombeza, nilitaka anigombeze. Alicheka kwa huzuni akaniambia, "Misumari ile nani unadhani aliipigilia? Ni mimi. Madam alikuja akaikuta." Akaniambia zamani mteja alikuwa anakwenda kwa mwingine akiambiwa angoje, kwa hiyo akabuni kuwafungulia, na karakana ikasimama. "Watoto wangu wamesomea hiyo misumari," alisema, kisha akaniomba nimkande mikono, nikamkanda. Sikujua nimkasirikie vipi mtu aliyenifundisha kila kitu. Bado sijui, ingawa ni marehemu.

Mwezi mmoja hivi nilijaribu. Mteja akija nilimwambia ukweli: tuna kazi nyingi, haitakuwa kabla ya wiki tatu, Kalondu ana nafasi leo. Madam alinivumilia siku chache, kisha akanihamishia chumba cha nyuma kwenye mashine, mbali na benchi, akasema mdomo wangu unafukuza baraka. Nikahama. Sikuacha kazi. Mwanangu Kioko na wadogo zake walikuwa shule, mume mgonjwa, hadithi mnaijua, kila mtu ana yake. Nilikaa miaka kumi zaidi na nikarudi mbele, nikafungulia watu tena, na nikasifiwa kwa kushika nane kwa wakati mmoja. Ndiyo hiyo nane mliyoipigia makofi.

Na ninyi sasa. Ndinda, mliposema mmeondoa misumari ukutani na kupaka rangi, nilifurahi siku moja nzima. Kisha nikakuona umeweka vitanzi kumi na viwili, ukafuma mistari mitatu, ukaipiga picha kwa simu, ukamtumia mteja na maandishi, "Tumeshaanza yako, mpenzi." Halafu ukavua sindano ukaanza ya mwingine, na picha nyingine. Nilikuuliza yule mama wa Kitui mjini anataka shali lake lini, ukanijibu, "Huyo ametulia, ana picha." Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Mlidhani ni presha.

Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Nilifuma sweta moja, moja tu, bila kugusa kazi nyingine hadi likaisha, nikaenda nalo kwa Mama Mueni. Hajawahi kukanyaga karakana yetu tangu siku ile. Tunasalimiana sokoni, vizuri tu, habari za mvua na za ng'ombe. Mjukuu wake anaitwa Mumo, ni mvulana wa darasa la tano sasa, nami nilikuwa nimemkadiria kwa macho kutoka mbali.

Nilimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinipa kigoda na kikombe cha chai. Nilimkabidhi sweta. Alifuta mikono kwanza, akaligeuza, akaangalia mishono ya ndani mmoja mmoja kama ajuaye kazi.

"Ni zuri," alisema. "Lakini ana sweta." Akalikunja vizuri akalirudisha mapajani mwangu. "Mpe asiye nalo."

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama Mueni."

"Wa nini?"

"Wa kofia."

"Kofia ilifika," alisema. "Ilichelewa, lakini ilifika. Mlikuwa mmezidiwa, niliona kwa macho yangu, ukuta ulikuwa umejaa. Na mwenyewe nimewahi kuzidiwa na vyondo vya watu. Hayo nilishayaacha, Mama Kioko. Kunywa chai."

Ningekunywa hiyo chai, mambo yangeishia hapo. Watu wazima wengi wangekunywa. Lakini nilikuwa nimebeba jambo lile miaka yote, na nilitaka kulitua.

"Si hilo," nilisema. "Ile siku ya Jumatano. Uliuliza kwa nini haina sindano, nikakwambia inapumzishwa. Uzi haupumzishwi. Sindano zilikuwa mkononi mwangu, nafumia mtu mwingine. Nilijua haitakuwa tayari hata kesho yake. Nilikudanganya."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Haupumzishwi?"

"Haupumzishwi."

"Mimi nilimwambia Mueni," alisema polepole. "Alhamisi, pale hospitalini. Alikuwa analia kwamba watatoka bila kofia. Alitaka kuomba walale siku nyingine moja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kofia inafumwa, uzi mweupe ni lazima upumzike kwanza. Nilimfundisha kama jambo la kweli. Nikamwambia tupande tu nyumbani, tutaikuta."

Alichukua maharagwe kwa kiganja akayaacha yadondoke tena kwenye ungo. Hakupandisha sauti hata kidogo, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Nilikuwa nimeshakusamehe," alisema. "Ilinichukua muda mrefu, na nilikuwa nimemaliza. Sasa inanibidi nianze upya."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nikachukua sweta langu nikateremka. Daftari limejaa, Mwikali na Ndinda. Yule mama wa Kitui mpigieni simu leo mumwambie shali lake halijafumwa.